ULIZA SHAMBA: Zabibu za mvinyo, pembe za ng'ombe na mvua za Nyanda za Juu

Toleo lililopita tuliongelea shamba mchanganyiko, lile ambalo ng'ombe anakula cha shambani na shamba linakula cha ng'ombe, nikagusia kidogo tu kwamba huko Ulaya wapo watu wanalima hadi zabibu za mvinyo kwa mtindo huo na wanauita baiodainamiki. Meseji zimekuja nyingi sana, kuanzia Ilula mpaka Mbozi, na nyingi zinaulizana mambo yaleyale kwa hiyo nimechagua hizi chache nizijibu kwa kirefu. Mwenye swali ambalo halijaguswa atume, hii mada naipenda na hatujaimaliza.

Shikamoo mwalimu. Niko Ilula, nina eka 2, ng'ombe 3 wa maziwa, kuku kidogo na bustani ya nyanya. Nimesikia hiyo baiodainamiki wanafukia pembe la ng'ombe limejazwa mavi ya ng'ombe halafu baadaye wanalichimbua wananyunyizia shamba. Nilipomweleza jirani akasema huo ni uchawi. Ni kitu cha kweli? Na kama ni kweli naanzia wapi?
— Msomaji, Ilula

Marahaba mdogo wangu. Ni kitu cha kweli na kina historia yake. Mwaka 1924 wakulima wa Ujerumani walikuwa wanalalamika kwamba mbegu zao zinachoka, mifugo inaugua ugua, na mbolea za viwandani zinaongezeka kila msimu, wakamwita Rudolf Steiner, mwanafalsafa mzaliwa wa himaya ya Austria, akawapa mihadhara 8 kwenye kijiji cha Koberwitz, ambacho siku hizi kiko Poland. Hapo ndo baiodainamiki ilipoanzia, kabla hata hilo neno la kilimo hai halijazoeleka kwa watu. Miaka 4 baadaye, 1928, ikaja na nembo yake ya Demeter ambayo ipo mpaka leo.

Sasa watu wakisikia wanakimbilia kwenye pembe kwa sababu ndo linashangaza, lakini naomba unielewe hapa maana wengi wanapotelea hapahapa, mzizi wa jambo lenyewe siyo pembe. Mzizi ni kwamba shamba ni mwili mmoja, majani ya ng'ombe yatoke humo humo, mbolea itoke humo humo, mbegu ikiwezekana humo humo, na mkulima apunguze mwaka hadi mwaka vitu anavyonunua dukani. Wewe mwenye ng'ombe 3 na kuku kwenye eka 2 tayari uko mbali kuliko mtu mwenye eka 20 za zabibu tupu na gari la kumletea samadi ya kununua.

Kwa hiyo anza na mboji. Samadi ya ng'ombe wako, mabua ya mahindi, majani makavu, majivu kidogo, rundo lifunikwe lisipigwe na jua wala mvua, uligeuze, mpaka linuke udongo wa msituni lisinuke zizi. Mbolea ya kuku iweke kidogo humo ndani, na kama utapanda zabibu usiimwage moja kwa moja kwenye mzabibu, ina naitrojeni nyingi na mzabibu ukishiba naitrojeni unatoa majani makubwa ya kupendeza, kivuli kizito, zabibu chache zisizo na sukari, na magonjwa yanapata nyumba. Nyanya inadai mbolea sana, mzabibu haudai hivo, na mtu aliyetoka kwenye nyanya kama wewe lazima ajizuie mkono.

Pembe sasa. Linatakiwa pembe la ng'ombe jike aliyekwisha zaa, machinjioni unapewa hata bure. Unajaza samadi mbichi ya ng'ombe anayekula majani, unafukia kwenye udongo mzuri usiotuama maji, kina cha sentimeta 40 hadi 60 hivi, linakaa miezi ya baridi yote. Vitabu vya Ulaya vitakwambia fukia Septemba chimbua Machi na Aprili, usivifuate hivo, sisi tuko kusini mwa Ikweta, majira yetu yamegeuka, unafukia Aprili au Mei mvua zikiwa zinaisha na unachimbua Septemba au Oktoba. Utakuta samadi imekuwa nyeusi, laini, haina harufu ya mavi kabisa. Kipimo chake ni gramu 100 hivi kwa hekta, kwa hiyo eka moja ni kama gramu 40 kwenye maji lita 15, yaani bomba moja la mgongoni. Unakoroga saa nzima kwa mti, unazungusha upande mmoja mpaka maji yafanye shimo katikati, halafu unageuza ghafla upande wa pili, hivohivo mpaka saa iishe, unachuja na kunyunyizia jioni juu ya udongo wenye unyevu. Hiyo wanaiita namba 500. Ipo na namba 501 ambayo ni jiwe la quartz lililosagwa unga laini kabisa, inafukiwa miezi ya joto, inanyunyiziwa asubuhi kwenye majani, gramu 4 tu kwa hekta nzima. Na zipo 6 nyingine za kuwekwa ndani ya mboji, za mimea ya kwao kama kamomili, gome la mwaloni na yale majani yanayowasha ukiyagusa.

Je zinafanya kazi? Nakujibu kama ninavyoamini. Uswisi, sehemu inaitwa Therwil, kuna majaribio yanaendelea tangu 1978 wanalinganisha baiodainamiki, kilimo hai cha kawaida na kilimo cha kemikali, na matokeo ya miaka 21 yaliyotoka 2002 yalionyesha mashamba ya hai na baiodainamiki yalivuna pungufu kama asilimia 20 lakini yakatumia mbolea pungufu sana na udongo wake ukawa na uhai zaidi. Hiyo ni ya mfumo mzima, mboji na mzunguko wa mazao. Ukitaka ushahidi wa pembe na hizo namba nyingine peke yake ni mdogo, California walilinganisha shamba la mizabibu la hai na la baiodainamiki, wakachapisha 2005, udongo haukutofautiana cha maana. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, mboji ndo inayobeba shamba, pembe lifanye kama una muda na moyo, halina gharama na halina madhara, ila asije mtu akakuuzia unga wa pembe kwa bei ya mbolea, usinunue.

Kuhusu jirani, usifanye kwa kificho. Mwite siku ya kufukia aone mchana kweupe, mwite na siku ya kuchimbua ashike kwa mkono wake anuse. Kwetu kitu kinachofukiwa kimyakimya kina jina lake na hutaweza kuwalaumu watu.

Mimi niko Tukuyu, nina migomba, parachichi na ng'ombe wawili. Nataka niongeze zabibu za mvinyo kwa mtindo huu, ardhi yetu ina rutuba sana. Unanishauri nini?
— Mama wa Tukuyu

Dada yangu, usipande. Rutuba unayo tena ya volkano, lakini Rungwe mvua zinapita milimita 2000 kwa mwaka sehemu nyingi na ukungu juu yake, mzabibu hapo utaugua ukungu kila wiki na utajikuta unapiga dawa kuliko mtu wa kemikali, sasa baiodainamiki gani hiyo. Migomba, parachichi, chai, vyote hivyo vinakubali mfumo huohuo wa mboji na mifugo vizuri sana. Ukitaka zabibu za kula nyumbani weka mche mmoja chini ya paa la bati upande wa jua, basi.

Habari za kazi. Niko upande wa Ismani, kuna ukame kiasi lakini nina kisima. Nimeleta pingili kutoka Dodoma, za Makutupora nyekundu na Chenin Blanc, zimeshika vizuri, sasa zina mwaka. Dodoma wananiambia wanavuna mara mbili kwa mwaka, huku nipogoe lini? Na wameniambia kuna dawa ya kupaka macho ya mzabibu yachipue pamoja, kwenye baiodainamiki inaruhusiwa?
— Mkulima, Ismani

Hili swali nimelipenda kuliko yote, kaka, maana huku kwetu mambo yote ya zabibu yanaamuliwa na mkasi. Ulaya mzabibu unalala wenyewe, baridi inakuja majani yanapukutika unapumzika miezi kadhaa. Huku baridi ya Juni na Julai inauduwaza lakini haiulazi, ukiuacha utaendelea kuchipua ovyo mwaka mzima, shada moja limeiva, lingine ndo linatoa maua, lingine limeoza. Kwa hiyo wewe ndo unayeuanzishia mwaka wake siku unapopogoa, na siku hiyo unaipata kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku unayotaka kuvuna.

Dodoma kuna joto, kuanzia kupogoa mpaka kuvuna ni kama miezi 4, ndo maana wanavuna Februari na Machi halafu tena Agosti na Septemba. Wewe uko juu zaidi na usiku kwenu ni baridi, kwa hiyo hesabu miezi 5, na kwenye miinuko zaidi hata na nusu. Mvua zenu zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Zabibu ya mvinyo ikinyeshewa wiki za mwisho inapasuka, inaoza, na sukari uliyoisubiri inashuka, kwa hiyo unataka ziwe zimetoka shambani Oktoba mwishoni au Novemba mwanzoni. Rudi nyuma miezi 5, unaangukia mwishoni mwa Mei. Hapo mvua zimekatika, machipukizi yanatoka hewa kavu, maua yanatoka hewa kavu, na matunda yanaivia kwenye jua la Septemba na Oktoba huku usiku ni baridi, na huo ubaridi wa usiku ndo unatunza ule ukali wa tunda ambao mvinyo unauhitaji na ambao sehemu za joto wanahangaika nao. Hapo ndo ninapoona Iringa ina kitu chake yenyewe.

Mavuno ya pili usiyatamani. Mvua zikianza mzabibu utachipua, uache utoe majani, lakini vishada vinyofoe vikiwa vidogo. Majani hayo ya masika ndo yanaweka akiba kwenye shina na mizizi kwa ajili ya mwaka unaofuata. Mtu anayelazimisha mavuno 2 kwenye mvua za huku anaishia kwenye dawa, na mizabibu inachoka mapema.

Kuhusu hiyo dawa ya kuamsha macho, hapana, hairuhusiwi kwenye kilimo hai wala baiodainamiki, na ni sumu kali kwa anayeipaka. Fanya hivi, wiki 3 au 4 kabla ya kupogoa punguza sana maji, ondoa majani kwa mkono, ukishapogoa matawi uliyoyaacha yapinde kwenye waya yafanye upinde, usiyaache yamesimama wima, kwa sababu tawi likisimama wima macho ya juu ndo yanachipua na ya chini yanasinzia. Ukilipinda yanagawana nguvu. Siyo kwamba yatatoka yote siku moja, lakini tofauti utaiona.

Maji ya kisima yapitishe kwenye mipira ya matone, kuanzia Juni mpaka zabibu zianze kubadilika rangi umwagilie vizuri, baada ya hapo bana kidogo kidogo. Katikati ya mistari wakati wa mvua panda ngwara au marejea, zikate zikianza kuchanua uzilaze chini ziwe matandazo kwa kiangazi chote, ila usizisogeze mpaka kwenye shina, acha nafasi, mchwa wa Ismani unawajua mwenyewe.

Niko nje kidogo ya mji wa Njombe. Nina kondoo 11 na nataka wawe wanakula majani kati ya mizabibu ili nisipalilie. Nasikia baiodainamiki wanaruhusu mrututu, ni kweli? Si ni kemikali hiyo?
— Kijana wa Njombe

Kweli mrututu unaruhusiwa, lakini kwa kipimo, na kwako wewe mwenye kondoo hilo ndo la kuliangalia kuliko yote.

Mchanganyiko wa mrututu na chokaa ulitokea kwenye mashamba ya zabibu ya Bordeaux, Ufaransa, miaka ya 1880, kupambana na ubwiri vinyoya, ule ukungu mweupe unaokaa chini ya jani kipindi cha mvua. Ndani ya mrututu kuna madini ya shaba, karibu robo ya uzito wake, na shaba haiozi wala haipotei, ukiipiga inakaa kwenye udongo miaka na miaka, ikizidi minyoo ya ardhi inakufa. Ndo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta kwa miaka 7, wastani wa kilo 4 kwa mwaka, na Demeter wamebana zaidi, wastani wa kilo 3. Kwa hesabu ya eka hizo kilo 3 ni kama kilo 5 hivi za mrututu kwa mwaka mzima, na hiyo ni kikomo, siyo lengo. Ukipogoa kwa wakati niliomwambia mwenzako wa Ismani hutafika hata nusu.

Namna ya kuchanganya, kwa bomba la lita 16 nguvu ya asilimia nusu ni gramu 80 za mrututu na gramu 80 za chokaa iliyozimuliwa. Kila kimoja kiyeyushe kwenye ndoo yake ya plastiki, usitumie bati wala chuma, halafu mimina maji ya mrututu ndani ya maji ya chokaa ukikoroga. Chovya msumari safi dakika moja, ukitoka na rangi ya shaba ongeza chokaa, maana hapo utaunguza majani.

Sasa kondoo. Katika mifugo yote ya nyumbani hakuna anayeshindwa na shaba kama kondoo, inajikusanya kwenye ini taratibu huku ukimwona mzima kabisa, halafu siku moja anakojoa mkojo mwekundu na baada ya siku chache amekufa. Kwa hiyo ukipiga mrututu kondoo wasiingie humo msimu huo, walishe majani ya sehemu nyingine. Kama unataka lazima waingie, waingie kati ya kuvuna na machipukizi, kwenye eneo ambalo halijapigwa kitu, na mizabibu iwe mirefu maana chipukizi la mzabibu wanalipenda mno. Bata na kuku ni salama zaidi kwa kazi ya wadudu na magugu madogo, nao usiwaingize mara tu baada ya kunyunyizia na uwatoe vishada vinapoanza kulainika.

Halafu kiangazi chenu kina ubwiri unga, huo hauhitaji mvua, unahitaji ubaridi na kivuli, na Njombe vyote mnavyo. Salfa inaruhusiwa, piga asubuhi au jioni, siyo jua kali linapozidi nyuzi 30. Na kama una maziwa ya ziada, maziwa sehemu 1 kwa maji sehemu 9 yamejaribiwa kwenye mizabibu kule Australia na yakafanya kazi nzuri kama ugonjwa haujakolea, unapiga jua likiwa limetoka. Kitu kingine, usipande bondeni. Baridi ya usiku inatiririka kama maji na inatuama huko, machipukizi ya Juni yataungua kwa barafu, panda kwenye mteremko unaoangalia jua la asubuhi.

Mzee mwenzangu, sisi zamani tulipanda kwa kuangalia mwezi na wataalamu wakatucheka. Kumbe wazungu nao wanafuata mwezi?
— Mzee wa Mbozi

Shikamoo mzee wangu. Wanafuata, tena wana kalenda kabisa. Mama mmoja wa Ujerumani, Maria Thun, alizaliwa 1922 akafariki 2012, alitumia maisha yake kupanda na kuandika siku kwa siku, akagawa siku kufuatana na mwezi unapita kwenye nyota zipi, siku za mizizi, za majani, za maua na za matunda, na wakulima wengi wa zabibu wanavuna siku za matunda. Mimi naiheshimu hiyo kazi kwa sababu inamlazimisha mkulima kuamka kuangalia shamba lake na kuandika. Lakini ikitokea mvua imesogea na kalenda inasema subiri siku 3, vuna leo mzee wangu.

Tuko kikundi cha watu 9 Mbeya vijijini, tunataka tulime zabibu kwa baiodainamiki tupate cheti tuuze mvinyo nje. Tunapataje Demeter na soko liko wapi?
— Katibu wa kikundi, Mbeya

Katibu, mmeanzia mwisho wa kamba. Cheti cha Demeter kinakagua shamba zima, siyo mizabibu peke yake, wanataka angalau asilimia 10 ya eneo iachiwe uoto na viumbe wake, ng'ombe wasikatwe pembe, hizo namba 500 na 501 zitumike kila mwaka, na kuhama kutoka kilimo cha kawaida kunachukua kama miaka 3. Inawezekana, Afrika Kusini lipo shamba la Reyneke huko Stellenbosch wanafanya na wanauza duniani, lakini gharama ya ukaguzi kwa watu 9 wenye vieneo vidogo itawaumiza. Kwa sasa ulizieni nembo ya Kilimohai kupitia TOAM, chama cha kilimo hai Tanzania, nembo ile inayofuata viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vya 2007, ina mfumo shirikishi ambao wanakikundi mnakaguana wenyewe kwa utaratibu na gharama yake mnaimudu.

Soko ndo linalonitia wasiwasi zaidi. Zabibu ya mvinyo ikishakatwa inataka kukamuliwa upesi, haikai kwenye lori ikisubiri bei kama parachichi, na viwanda vya mvinyo viko Dodoma, kutoka Iringa tu kupitia Mtera ni kama kilomita 260, nyie Mbeya ndo kabisa. Kwa hiyo ama mkamue wenyewe, na hapo kabla chupa haijauzwa kuna TBS wa viwango na TRA wa kodi, wote muwafuate tangu mwanzo, ama msilime zabibu za mvinyo. Ushauri wangu kila mmoja apande miche 30 tu kwanza, Mbeya vijijini ukame na mvua vinatofautiana sana, wa Mshewe na wa Santilya hawatapata matokeo sawa, mwaka wa 3 mkivuna mpime sukari kwa kile kifaa cha kuchungulia, ikifika nyuzi 20 hadi 22 za Brix, yaani kipimo cha sukari, na magonjwa hayajawashinda ndo mkae mezani kuongelea mapipa. Hizo miaka 3 rundo la mboji la kila mmoja liwe linakaguliwa na wenzake, maana huko ndo cheti kitakapoanzia kuulizwa.